Una mimba na kwenu mnalima tumbaku? Namna ya kumlinda mtoto tumboni, hatua kwa hatua

Mwangaluka jamani. Leo naandika kwa wenzangu wa Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Nzega huko Tabora, wanawake wenye mimba na msimu ndo huo umefika, majani yanasubiri kuchumwa na bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, limeshawashwa. Na waume zenu wasome pia, tena wao wasome zaidi mana mengi ya humu mwanamke peke yake hayawezi.

Naanza na yangu kidogo. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi mitano, mwezi wa pili huo, mvua zimeshika kweli kweli. Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi majani yanadondosha umande, unachuma jani unabana kwapani, jingine kwapani, mpaka kwapa limejaa ndo unaenda kutua mzigo. Gauni limelowa kuanzia begani mpaka kiunoni. Ikifika saa tano kichwa kinazunguka, natapika nyongo tupu, kijasho chembamba, miguu haina nguvu kabisa. Kila mtu ananiambia hiyo ni mimba, utazoea. Mchana nikila ugali unakuwa mchungu mana utomvu wa tumbaku umeshika vidoleni, nasugua na mchanga na majivu wapi, weusi hautoki. Ila siku nisipoenda shamba sitapiki. Hapo ndo ningetakiwa nishtuke, sikushtuka. Mihayo wangu alizaliwa na kilo 2.1, na wiki zake zilikuwa zimetimia zote. Nesi alimtoa kwenye mizani akamrudisha tena, akaniuliza, "Mama, unavuta sigara?" Nikamwambia sijawahi ata kuishika. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Kwenu mnalima nini?"

Siwezi kusema ni tumbaku peke yake, mana mtoto kuzaliwa mdogo kunaletwa na vitu vingi, malaria, damu kupungua, presha, mama kutokula vizuri. Lakini lile swali la nesi lilinifungua macho, na tangu siku ile nimekuwa nauliza na kujifunza, na nilichojifunza ndo hiki naandika.

Kwanza elewa sumu inavyomfikia mtoto

Watu wengi wanajua kondo la nyuma ni kama chujio, mabaya yanabaki kwa mama mtoto anapata mazuri tu. Sio hivyo. Kondo linazuia baadhi ya vitu, ila nikotini inapita, zebaki inapita, risasi ile ya kwenye rangi na betri inapita, pombe inapita, na dawa nyingi za kuua wadudu zinapita. Nikotini ya jani bichi ni ile ile ya sigara. Jani likilowa na umande au mvua, nikotini inayeyuka kwenye maji na kuingia mwilini kupitia ngozi, na ngozi ya kwapani ni laini kwaiyo inanyonya upesi. Ikiingia inabana mishipa ya damu, pamoja na ile inayopeleka damu kwenye kondo, sasa chakula na hewa vinavyomfikia mtoto vinapungua, na miezi mitatu ya kuchuma mfululizo mtoto anaweza kudumaa. Uzito chini ya kilo 2.5 ndo unahesabiwa pungufu, na mtoto wa namna hiyo anapata baridi haraka, anaumwa haraka, kunyonya kwake kwa shida.

Muda nao una maana. Moyo, uti wa mgongo, mikono, macho, vinajengwa kwenye wiki 8 za mwanzo baada ya mimba kutunga, na wengi wetu kipindi hicho hatujajua ata kama tuna mimba. Ubongo wenyewe unaendelea kujengwa mpaka siku ya kuzaa na baada yake. Kwaiyo hakuna mwezi wa kusema aah sasa ruksa.

Na usijipime kwa afya yako. Japani kuna mji unaitwa Minamata, kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini watu wakala samaki, ugonjwa ukatangazwa mwaka 1956. Kuna akina mama pale walionekana wazima tu au wana ganzi kidogo, ila watoto waliowazaa walikuwa na ulemavu mkubwa wa ubongo. Mama mzima, mtoto ameumia. Mi nikikumbuka hilo nakosa usingizi.

Hatua ya 1: Pima mapema, na kliniki useme kazi yako

Siku zikipita wiki moja usisubiri tumbo lionekane, nunua kile kipimo cha mkojo au nenda zahanati. Kliniki uanze kabla ya wiki 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8 sio manne kama zamani. Ukifika usiseme tu "mkulima". Sema nachuma tumbaku, mume wangu anapiga dawa ya pamba, tunalala na magunia yenye dawa, chochote kile. Nesi hawezi kukisia. Na vidonge vya kuongeza damu, zile FEFO, meza, usifiche chini ya godoro kwa sababu vinatia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula.

Hatua ya 2: Kaa na mumeo mgawane kazi upya

Hii ndo ngumu kuliko zote na ndo inayookoa kuliko zote. Mimba ya pili nilimwambia hivi, usiku, mtoto amelala: "Baba Mihayo, mimi kazi siikimbii, nabadilisha tu. Kuchuma, kufunga kwenye vijiti na kupiga dawa nitaacha mpaka nijifungue. Mahindi na karanga nalima, jikoni nipo, daftari la vibarua naandika mimi." Alikaa kimya muda mrefu akasema tutaajiri kibarua mmoja wa ziada, hela itatoka wapi sijui, lakini tutaajiri. Mama mkwe ndo alikuja juu, mbona sisi tulizaa humu humu shambani. Hapo usijibizane. Nilimpigia goti nikamwambia, "Shikamoo mama, ni kweli mlizaa, na nyie ndo mlinifundisha kazi. Ila Mihayo mlimpokea nyie mkamwona alivyokuwa, huyu naomba tumjaribu tofauti." Akaguna, akaondoka. Wiki iliyofuata alikuja yeye mwenyewe kufunga majani kwa zamu yangu.

Kazi za kuacha kabisa ukiwa na mimba: kuchanganya na kupiga dawa, kumwagilia kitalu siku kimepuliziwa, kuchuma majani yenye unyevu, kukata maua na machipukizi kisha kumwagia ile dawa ya kuzuia machipukizi, kulala kwenye bani kuchochea moto. Kupanga majani makavu kwa madaraja kunaonekana kazi nyepesi ya kukaa chini, ila lile vumbi la jani kavu lina nikotini na linaingia puani siku nzima, kwaiyo kama hakuna namna kaa nje penye upepo, sio ndani ya ghala mlango umefungwa.

Wenye mashamba, na wake za vibarua tunaowapokea kutoka Kasulu na Kibondo nao wana mimba, na wao hawana wa kumwambia mana wakikataa kazi posho inakatwa. Muulize mwenyewe, mpe kazi ya kupika.

Hatua ya 3: Kama kuchuma huwezi kukwepa

Najua wapo ambao hamna namna, mko peke yenu na shamba. Basi usiingie asubuhi, subiri jua likaushe majani, saa nne au tano hivi, na siku ya mvua usichume. Vaa blauzi ya mikono mirefu na juu yake koti la mvua au nailoni nzito uliyoifunga kifuani mpaka chini ya tumbo, glavu za mpira ndefu sio za kitambaa, kitambaa kikilowa ni kama umejifunga dawa mkononi. Jani usibane kwapani, weka kwenye kikapu au mtandike turubai. Nguo ikilowa badili hapo hapo, beba ya pili kwenye mfuko. Kabla ya kula au kunywa osha mikono mpaka kwapani kwa sabuni na maji mengi. Usitumie mfuko wa mbolea au wa dawa kama koti, nimeona watu wanafanya.

Ukianza kutapika, kichwa kuzunguka, tumbo kukata, jasho, mapigo ya moyo hayaeleweki, na hiyo inaweza kuanza masaa kadhaa baada ya kutoka shamba ata usiku, usiseme mimba. Oga kwa sabuni, vaa nguo kavu, kunywa maji, nenda zahanati, na kesho yake usirudi shambani.

Hatua ya 4: Dawa za wadudu, hapa niwie radhi nitarefusha

Kwanza sehemu inayowaponza wengi sio kupiga, ni kufua. Baba anarudi na bomba mgongoni, suruali imelowa dawa, anaitupa kwenye beseni na mama mwenye tumbo la miezi saba anaifikicha kwa mikono mitupu pamoja na nguo za mtoto. Nguo za dawa anafua aliyezivaa. Basi. Kama haiwezekani, zimwagiwe maji kwanza bila kushikwa, alafu zifuliwe peke yake na glavu, na yale maji yasimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mchicha. Na baba aoge kabla ya kubeba mtoto au kukaa kitandani.

Angalia lebo chini kabisa kuna mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, bluu, alafu kijani. Ila kijani isikudanganye, rangi ile inapima hasa sumu inayoua haraka, haikwambii kuhusu mtoto tumboni. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji au soda haina lebo na haina jina, usiikubali ndani ya nyumba. Lebo inasema pia ukae siku ngapi ndo uingie shamba lililopigwa, mwenye mimba mi nasema aongeze siku juu ya hizo.

Dawa isikae chumba cha kulala. Najua zinaibiwa, ndo mana watu wanaweka uvunguni, lakini mvuke wake unauvuta wewe usiku kucha. Sanduku la mbao lenye kufuli, nje, juu asipofika mtoto. Na madumu yaliyoisha dawa yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudi kwenye bomba, dumu litobolewe. Usitekee maji, usiwekee mafuta ya kula, ata ukiosha kwa maji ya moto na omo mara kumi, plastiki imeshanyonya.

Hatua ya 5: Ndani ya nyumba

Vile vidonge vya kuhifadhia mahindi vinavyotoa gesi. Jamani jamani. Gunia lenye vidonge vile halilali chumba kimoja na mtu, mwenye mimba au asiye na mimba, ile gesi inaua watu waliolala. Kuna mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani, wadudu wanakufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, mi tangu nianze kuitumia sijarudi nyuma.

Mkaa ndani mlango umefungwa wakati wa baridi ya mwezi wa sita, hapana. Ile hewa ya mkaa haina harufu, inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na damu ya mtoto tumboni inaishika kwa nguvu kuliko yako na inachelewa kuiachia. Jiko likae nje au penye dirisha wazi. Ni hivyo hivyo kwa wanaokesha kwenye bani.

Ugoro wa kutuliza kichefuchefu, bibi zetu wanapenda kushauri hivyo, ni nikotini moja kwa moja. Tafuna tangawizi, kula kidogo kidogo. Sigara na gongo unajua mwenyewe, hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto tumboni.

Udongo. Nisikudanganye, na mimi nimekula, ile harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu unaweza kulia. Lakini udongo wa kuuzwa sokoni unaweza kuwa na risasi na madini mengine mabaya, na mayai ya minyoo. Mara nyingi hamu hiyo inakuja damu ikiwa imepungua, kwaiyo sema kliniki wapime damu, FEFO zinaweza kusaidia kuituliza.

Krimu za kung'arisha ngozi, zenye zebaki au hydroquinone zimepigwa marufuku nchini ila bado zinapita kwa mlango wa nyuma. Isiyo na lebo inayoeleweka acha kabisa.

Ila hapa sikilizeni vizuri. Chandarua chenye dawa SIO cha kuogopa. Nimesikia wanawake wanakataa chandarua eti ni kemikali, wakati malaria ndo inamdumaza mtoto tumboni kuliko karibu kila kitu huku kwetu. Lala kwenye chandarua kila siku, na zile SP za kuzuia malaria unazopewa kliniki mimba ikipita miezi mitatu meza mbele ya nesi. Na kama unatumia dawa za kila siku za ugonjwa wowote usiache mwenyewe, uliza kwanza.

Hatua ya 6: Nzega na wanaochenjua dhahabu

Zebaki ikichomwa kutoa dhahabu inapaa kama mvuke usioonekana, inaingia kwenye mapafu, kutoka hapo kwenye damu na kwa mtoto. Wanaume wanachomea jikoni, kwenye kikaango cha nyumbani, mke anapika pembeni. Uchomaji utoke nyumbani kabisa, sio uani, utoke. Wewe usikanyage pale, usiguse zebaki kwa mkono, usihifadhi kichupa chake kwenye kabati la nguo, na kikaango kile kisirudi kupikia. Nguo za machimboni ni kama za dawa, zivuliwe nje.

Hatua ya 7: Ikitokea umepatwa na sumu

Baadhi ya dawa za wadudu zikizidi mwilini utaona mate yanatoka mengi, machozi, jasho, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inatetemeka, pumzi inabana. Toka eneo lile, wakuvue nguo zote hata mbele za watu aibu baadae, wakumwagie maji na sabuni dakika 15 mpaka 20, na anayekuosha avae glavu. Usitapishwe. Maziwa usinyweshwe, najua huku kwetu maziwa ni dawa ya kila sumu, hayatoi sumu na mtu aliyelegea yanaweza kumpalia. Lala ubavu wa kushoto ndani ya gari au kwenye bodaboda umkalishe mtu nyuma akushike. Na chukueni chupa ya dawa au lebo yake muende nayo, daktari akijua jina la dawa anajua cha kukupa. Kituo cha afya kikishindwa waombe rufaa mapema, usisubiri giza.

Hatua ya 8: Fuatilia anavyokua

Kila hudhurio nesi anapima kwa tepu kutoka kinenani mpaka juu ya mfuko wa uzazi. Kuanzia wiki ya 24 hivi ile namba kwa sentimita inakaribiana na wiki zako, wiki 30 inakuwa kwenye 30, pungufu au zaidi mbili tatu. Uliza namba yako, angalia imeandikwa kwenye kadi. Ikibaki pale pale mahudhurio mawili mfululizo uliza kwa nini na uombe kipimo cha picha. Kuanzia wiki 28 jua mtoto wako anavyocheza, kila mmoja ana tabia yake, akipunguza kucheza nenda siku hiyo hiyo, usiku ule ule, sio kesho asubuhi baada ya kuchota maji. Damu kutoka, maji kuvuja, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, hivyo havisubiri.

Na kama unasoma hapa una miezi sita na umeshachuma msimu mzima, usilie ukajiona umemuua mtoto. Wengi waliopitia hayo watoto wao wazima. Ila kuanzia kesho kila siku usiyolowa tumbaku mtoto anapata damu yake vizuri, na miezi ya mwisho ndo anaongeza uzito kwa haraka kuliko yote, kwaiyo hujachelewa.

Baada ya kujifungua bado kidogo. Nikotini inapita kwenye maziwa, na utomvu ukikaa kwenye blauzi mtoto anaulamba. Usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo, maziwa yako ni bora kuliko chochote kingine. Mtoto asilazwe kwenye turubai chini ya bani wala katikati ya matuta, abaki nyumbani na dada au bibi, na ukirudi kutoka shamba, ata kama analia vipi, ata kama maziwa yamejaa yanadondoka, nawa kwanza mpaka kwapani kwa sabuni, vua ile blauzi iache nje, vaa kavu, ndo umchukue.